Kumhudumia Mteja wa Wakili: Mwongozo Kamili kuanzia Simu ya Kwanza hadi Kufunga Jalada

Mteja hana njia ya kujua kama wakili wake ameisoma sheria sawasawa. Anachoweza kupima ni kama simu yake ilipokelewa, kama alijulishwa tarehe ya shauri mapema, na kama fedha alizotoa zina risiti na maelezo. Ndiyo maana malalamiko yanayopelekwa kwenye vyombo vya nidhamu vya mawakili yanafanana sana katika nchi nyingi: ukimya, ucheleweshaji, ada isiyoeleweka, fedha zisizo na hesabu. Wakili hodari kabisa mahakamani anaweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili kwa mambo hayo tu.

Wajibu huu si wa hisani. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka wakili aheshimu maslahi ya mteja wake kwa uaminifu wakati wote. Chama cha Kimataifa cha Mawakili nacho kilitoa kanuni 10 za maadili mwaka 2011, na humo mna uhuru wa wakili, siri ya mteja, mgongano wa maslahi, mali ya mteja, uwezo wa kitaaluma na ada. Kila nchi ina kanuni zake juu ya hizo. Siku na muda tunaoutaja hapa ni viwango vya kujiwekea ofisini. Pale kanuni za nchi yako zinapotaja muda wake, fuata hizo.

Kipimo tunachopendekeza ni kimoja. Siku yoyote ile, mteja aweze kujibu maswali manne bila kukupigia simu: shauri langu limefika wapi, hatua inayofuata ni ipi na ni lini, nimeshatumia kiasi gani, na kuna uamuzi au jambo gani linalonisubiri mimi. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuyafanya majibu hayo yawepo.

Majina kwanza, maelezo baadaye

Kosa la kwanza hutokea kwenye simu. Mtu anapiga, ana uchungu, anaanza kumwaga kila kitu: nani amemdhulumu, ana ushahidi gani, anaogopa nini. Dakika kumi baadaye anamtaja aliyemdhulumu, na huyo ni mteja wako wa miaka mitatu. Sasa umebeba siri za mtu ambaye huwezi kumtetea, na huenda huwezi tena kumtetea hata yule wa zamani katika jambo hilo, kwa sababu siri aliyokuambia mtu akitafuta wakili inalindwa hata kama hamkufikia makubaliano.

Kwa hiyo mfundishe anayepokea simu achukue mambo matatu tu: jina kamili la anayepiga na majina mengine anayotumia, majina ya upande wa pili, na aina ya jambo kwa maneno machache (ardhi, mirathi, ajira, jinai). Kama kuna kampuni, achukue na majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Majina hayo yatafutwe kwenye rejesta ya wateja wa sasa na wa zamani, na yatumwe kwa mawakili wote wa ofisi kabla ya miadi kuthibitishwa. Rejesta iwe na safu ya watu waliokataliwa pia. Ofisi nyingi husahau safu hiyo, na ndimo mgongano unamojificha.

Wateja wawili kwenye jambo moja wanahitaji uangalifu zaidi. Ndugu wanaogawana mirathi, kampuni na mkurugenzi wake, washtakiwa wawili wa kosa moja: wote huja wakiwa na kauli moja. Kabla hujakubali, waeleze kila mmoja faraghani kwamba atakachokuambia huenda huwezi kumficha mwenzake, na kwamba wakitofautiana huenda ukalazimika kuwaacha wote wawili. Waandike kwamba wameelewa. Kwa washtakiwa wa jinai ushauri wetu ni mfupi: kila mmoja awe na wakili wake.

Jambo jingine la kuamua mapema ni mteja ni nani hasa. Mwana anayelipia kesi ya mama yake si mteja. Mteja ni mama. Maelekezo yanatoka kwa mama, siri ni ya mama, na mwana anapewa taarifa zile tu ambazo mama ameruhusu. Zungumza na mama peke yake walau mara moja, mlango ukiwa umefungwa. Watu husema mengine kabisa wanapoachwa peke yao.

Kikao cha kwanza

Tenga saa nzima. Simu iwe kimya, na meza isiwe na jalada la mtu mwingine lililo wazi. Acha mteja aeleze kwa dakika kumi au kumi na tano bila kukatizwa, hata kama anazunguka. Baada ya hapo rudi mwanzo na umsaidie kupanga matukio kwa tarehe, moja baada ya jingine, ukiandika. Mwulize kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Ungependa jambo hili liishe vipi?" Jibu mara nyingi hushangaza. Aliyekuja kufungua kesi ya madai huenda anataka kuombwa radhi tu na kurudishiwa hati zake, na kesi ya miaka minne isingempa hicho.

Kisha kagua nyaraka, na hapa tulia. Chukua barua ya kufukuzwa kazi kama mfano. Ina tarehe ya kuandikwa, tarehe iliyogongwa muhuri, na tarehe mteja alipoipokea. Muda wa kulalamika huweza kuhesabiwa kuanzia mojawapo ya hizo kulingana na sheria husika, na tofauti ya siku tisa inaweza kuiua haki yote. Mwulize aliipokeaje, nani alikuwepo, bahasha iko wapi. Kama bahasha ipo, isitupwe. Muhuri wa posta ni ushahidi. Piga nakala, mrudishie asili, na kama ni lazima ubaki na asili, orodhesha kila karatasi na mtie saini nyote wawili.

Kabla mteja hajaondoka, hesabu ukomo wa muda. Andika tarehe mbili: ya mwisho kisheria, na ya kwako ya ndani, walau siku 14 kabla. Ziingie kwenye kalenda mbili zinazotunzwa na watu wawili tofauti. Kalenda iliyo kwenye simu ya wakili peke yake hufa siku wakili anapougua.

Atakuuliza kama mtashinda. Usimwahidi ushindi na usimtishe. Mweleze mambo matatu kwa mpangilio: sheria inataka tuthibitishe nini, tunao ushahidi gani, na tunakosa nini. Mteja anayejua udhaifu wa shauri lake mapema hufanya maamuzi mazuri. Anayeusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili mahakamani huhisi amesalitiwa, na ana haki ya kuhisi hivyo.

Kama lugha ni kikwazo, tafuta mkalimani asiye na maslahi kwenye jambo hilo. Mtoto wa mteja, au mwenza, asitumike kutafsiri katika mambo ya ndoa, mirathi au ukatili.

Barua ya makubaliano

Iandikwe kabla kazi haijaanza, au kama ni dharura, ndani ya siku chache. Kurasa mbili hadi nne zinatosha. Itaje anayepewa huduma, wakili atakayebeba shauri na msaidizi wake, na kazi itakayofanywa. Muhimu kuliko hapo ni kazi isiyojumuishwa: kama ada haihusu rufaa, kukaza hukumu (kuhakikisha inatekelezwa) au masuala ya kodi, sema waziwazi. Migogoro mingi ya ada huzaliwa siku ya hukumu, mteja akidhani amelipia hadi mwisho, wakili akijua amelipwa hadi hukumu tu.

Upande wa fedha, eleza ada inahesabiwaje: kwa saa, kwa hatua, kwa jumla, au kwa sehemu ya kitakachopatikana pale sheria inaporuhusu. Tenganisha ada yako na gharama za nje, kama ada za mahakama, mtaalamu, usafiri na kudurufu. Ada ya jumla isiyosema chochote kuhusu gharama za nje ni mtego kwa wote. Toa makadirio ya chini na ya juu kwa kila hatua, na uahidi kumjulisha kabla hujavuka ya juu. Mwambie pia kwamba akishindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili, pale utaratibu wa mahakama ulivyo hivyo. Hili huachwa kwa kuwa linaogofya, na ndilo linaloumiza zaidi baadaye.

Ongeza jinsi ya kulalamika ndani ya ofisi na chombo cha nje kinachopokea malalamiko, kama una bima ya dhima ya kitaaluma (inayofidia hasara ya mteja inayotokana na kosa lako), jinsi kila upande unavyoweza kuvunja makubaliano, na jalada litatunzwa kwa muda gani. Msomee. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa kuhusu ada na mipaka ya kazi. Saini bila hatua hii inathibitisha tu kwamba mtu anajua kuandika jina lake.

Na ukimkataa mtu? Mwandikie pia. Sentensi tatu zinatosha: hatutalichukua shauri lako, kuna ukomo wa muda unaoweza kukupita, tafuta wakili mwingine mara moja. Bila barua hiyo, mtu anaweza kukaa miezi minane akiamini unamshughulikia.

Fedha za mteja

Fedha alizoweka mteja kwa kazi isiyofanyika bado, na fedha unazompokelea kutoka kwa wengine, si zako. Ziwekwe kwenye akaunti ya wateja, tofauti kabisa na akaunti ya ofisi, na kila mteja awe na leja yake, yaani ukurasa wa hesabu ya fedha zake peke yake. Risiti itolewe siku ileile, ikiwa na jina, kiasi, sababu na namba ya jalada.

Tazama leja moja kwa karibu. Mteja ameweka 1,000. Ada ya kufungua shauri imelipwa 120, mthamini amelipwa 300, salio ni 580. Ofisi inatuma ankara ya ada ya 400 kwa kazi iliyokwisha fanyika, na baada ya ankara kumfikia mteja, 400 inahamishwa kwenda akaunti ya ofisi. Salio ni 180. Wiki ijayo mthamini anadai 250 za nyongeza. Karani anaangalia benki, anaona akaunti ya wateja ina 40,000, analipa. Leja sasa inasoma hasi 70. Zile 70 zimetoka mfukoni mwa mteja mwingine ambaye hajui lolote. Hakuna aliyekusudia wizi, lakini fedha ya mtu imetumika bila ridhaa yake, na mamlaka nyingi za nidhamu zinalihesabu hilo kuwa kosa kubwa.

Kinga yake ni kuangalia leja ya mteja, si salio la benki, kabla ya kila malipo. Kinga ya pili ni ulinganifu wa kila mwezi wa tarakimu tatu: salio la benki baada ya kurekebisha hundi na amana ambazo benki haijaziingiza, salio la daftari la fedha, na jumla ya leja zote za wateja. Zikitofautiana hata kidogo, tafuta sababu siku hiyohiyo. Zikilingana, bado usilale: jumla inaweza kulingana ilhali ndani yake mna leja hasi. Pitia mstari kwa mstari.

Makosa mengine mawili hujirudia. La kwanza ni kulipa kwa hundi ya mteja ambayo benki haijaipitisha; ikirudi, umewatumia wengine. La pili ni ulaghai wa barua pepe: ujumbe unafika ukionekana umetoka kwa mteja, ukisema akaunti yake imebadilika. Usilipe mpaka umpigie mteja kwa namba uliyonayo kwenye jalada tangu mwanzo. Namba iliyo ndani ya ujumbe huo inaweza kuwa ya tapeli mwenyewe.

Kumbukumbu za fedha zitunzwe baada ya shauri kuisha. Kanuni za Mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani, kwa mfano, zinataka miaka 5.

Mawasiliano

Kanuni hizohizo za Marekani, zilizopitishwa mwaka 1983, zina kanuni nzima, ya 1.4, inayohusu mawasiliano peke yake. Zinamtaka wakili amjulishe mteja hali ya jambo, ajibu maswali yake ya msingi upesi, na amweleze vya kutosha ili aweze kuamua.

Kwa ofisi, tunapendekeza viwango hivi: kukiri kupokea ujumbe ndani ya siku moja ya kazi, kujibu kwa kina ndani ya siku tatu, kutoa taarifa ya mahakamani siku ileile, na kutuma taarifa kila siku 30 hata kama hakuna kilichotokea. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo yenye thamani kubwa. Ujumbe wa "bado tunasubiri" huandikwa kwa dakika mbili, na humwondolea mtu usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Ujumbe mzuri baada ya kutoka mahakamani unafanana na huu:

"Habari za leo, Mama. Shauri lako limetajwa leo, 14 Machi. Upande wa pili umepewa siku 21 kuwasilisha majibu, yaani hadi 4 Aprili. Litatajwa tena 11 Aprili saa 3 asubuhi; siku hiyo si lazima ufike. Tunaomba nakala ya mkataba wa nyongeza uliotutajia, itufikie kabla ya 28 Machi. Mpaka leo umetumia 520 kati ya 1,000 ulizoweka. Ukiwa na swali, piga namba ya ofisi uliyonayo."

Yale maswali manne yote yamejibiwa. Linganisha na "shauri limeahirishwa, tutakujulisha", ambalo ndilo wateja wengi hupata.

Kuna maamuzi ambayo si yako. Kukubali au kukataa suluhu, kukiri au kukana kosa, mshtakiwa kutoa ushahidi au kunyamaza, kukata rufaa: hayo ni ya mteja baada ya ushauri wako. Pendekezo lolote la suluhu lazima limfikie, hata lile unaloliona la dharau. Lipeleke kwa maandishi likiwa na kiasi kilichotajwa, siku ya mwisho ya kulijibu, kitakachobaki mkononi mwake baada ya ada na gharama, hatari ya kuendelea na kesi, na maoni yako. Chukua jibu lake kwa maandishi. Mteja akitaka jambo lisilo halali, kataa, mweleze kwa nini, na uandike kumbukumbu.

Siri

Siri haiishi shauri likiisha. Inavuja mahali pa kawaida: kwenye korido ya mahakama, kwenye lifti, kwenye kundi la mawakili la WhatsApp ambako mtu anauliza swali la kisheria huku akitaja kijiji na jina la ukoo. Inavuja barua pepe inapojaza anwani yenyewe na kumchagua mtu mwenye jina linalofanana. Angalia anwani mara ya pili kabla ya kutuma, na ondoa masahihisho yaliyofichika ndani ya rasimu. Nyaraka za mteja zisipakiwe kwenye programu za akili unde ambazo hujui zinahifadhi nini. Programu hizo pia hutunga kesi zisizokuwepo: Juni 2023 mahakama ya shirikisho ya New York ilitoza faini ya dola 5,000 baada ya mawakili kuwasilisha maamuzi yaliyobuniwa na programu ya aina hiyo. Kila uamuzi unaoutaja uusome mwenyewe kutoka chanzo chake.

Ukikosea, na mteja akilalamika

Muda umepita bila kuwasilisha hati. Kishawishi cha kwanza ni kukaa kimya huku ukitafuta namna ya kurekebisha. Usifanye hivyo. Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa maoni mwaka 2018 kwamba wakili lazima amweleze mteja wake wa sasa kosa lenye uzito, na msimamo huo ndio wa haki popote. Mjulishe mtoa bima mara moja, kisha mwambie mteja kilichotokea, kinachoweza kufanyika, mathalani kuomba kuongezewa muda, na kwamba ana haki ya kupata ushauri wa wakili mwingine kuhusu kosa lako. Usimpe karatasi ya kukusamehe aisaini papo hapo.

Malalamiko yapokelewe na mtu asiyebeba shauri hilo. Ayakiri ndani ya siku mbili, asome jalada lote, amsikilize mteja, na ajibu kwa maandishi ndani ya wiki tatu. Kila lalamiko liingie kwenye rejesta pamoja na chanzo chake. Malalamiko manne ya "sijibiwi" yakimhusu wakili mmoja, huenda ana majalada mengi kupita uwezo wake. Mpunguzie kabla tarehe haijampita.

Kujitoa na kufunga jalada

Ukilazimika kujitoa, toa taarifa mapema, omba ruhusa ya mahakama inapotakiwa, na mpe mteja nafasi ya kupata wakili mwingine. Kujitoa siku mbili kabla ya kusikilizwa kwa sababu ya ada ni kumtupa mtu mtoni. Jalada likabidhiwe kwa orodha. Haki ya kuzuia nyaraka kwa sababu ya deni inatofautiana kati ya nchi na nchi. Hata pale inaporuhusiwa, usiitumie pale itakapomfanya mteja ashindwe kujitetea.

Shauri likiisha, andika barua ya kufunga ndani ya siku 14, na mapema zaidi kama muda wa rufaa ni mfupi. Itaje matokeo, siku ya mwisho ya kukata rufaa, na kazi zilizobaki kwa mteja mwenyewe, kama kusajili umiliki au kurekebisha wosia baada ya talaka. Ambatanisha taarifa ya mwisho ya fedha na urudishe salio, hata likiwa dogo. Hati za asili, kama hati miliki, vyeti, na wosia asipotaka uutunze, zikabidhiwe mkononi. Mteja azihesabu mbele yako, asaini orodha, na nakala ya orodha hiyo iwe karatasi ya mwisho kuingia kwenye jalada.